POS ya duka la spea Kirinyaga Road: kuuza inauza vizuri, shida ni mahali data inalala

Hii rivyu ni ya mfumo wa POS, yaani programu ya kuuzia kwa kaunta, unaotumika kwa duka moja la spea za magari hapo Kirinyaga Road, Nairobi, duka la mama mmoja tumejuana kitambo. Kampuni iliyouza huo mfumo sitaitaja, juu nimeona mifumo mingine kadhaa hapa tauni imejengwa vile vile, na mtindo wenyewe ndio nataka watu waujue kabla hawajatoa pesa. Naupa nyota mbili kwa tano. Zote mbili ni za kaunta. Hizo tatu zingine zimepotelea kwa databesi, ile ghala ya data iliyo nyuma ya skrini, mahali mwenye duka haoneshwi siku ya demo, siku ya demo anaoneshwa skrini tu na rangi zake.

Nianze na kaunta ndio niwe wa haki. Iko fasta. Keshia anaandika herufi tatu za jina la spea na orodha inatokea, anabonyeza, anaweka idadi, anaingiza namba ya M-Pesa, printa inatema risiti na mteja ameenda. Stima ikipotea katikati ya mauzo, ikirudi unakuta ile risiti iko pale pale inakungoja. Na kuna kitu wamefanya vizuri kuliko wengi, kila spea unaweza kuipa maelezo yake yenyewe, juu shoki ina kushoto na kulia na mbele na nyuma, taa ina mwaka wa gari, plagi ina saizi ya uzi, beringi ina namba yake, na mifumo mingine inakulazimisha kujaza hayo yote kwa jina la bidhaa mpaka jina linakuwa refu kama barua. Hapa hapana. Mtu aliyekaa akafikiria kaunta alifanya kazi nzuri na nampa heko.

Sasa mama akataka kujua kitu kimoja. Akaniambia, "Kijana wangu, mimi sina maneno mengi, nataka tu kujua plagi za Vitz zimetoka ngapi tangu Januari, niagize zingine ama niache, huyu mtu wa holseli ananingojea kwa simu."

Ni swali la kawaida kabisa, mwenye duka yeyote analiuliza kila wiki. Mfumo unamuonesha stoki iliyobaki, unamuonesha jumla ya pesa ya siku, ya wiki, ya mwezi. Lakini bidhaa moja, kutoka tarehe hii mpaka tarehe ile, hakuna. Akapigia fundi wao, akajibiwa kwa adabu, "Madam, hio ni ripoti spesho, tutakutumia kotesheni." Yaani alipe tena ndio ajue amejiuzia nini mwenyewe.

Ndio nikaomba bakapu, nikaifungua kwa laptopu yangu, kopi, si ile ya duka, na nikaenda moja kwa moja kwa jedwali la mauzo. Kolamu zenyewe ni chache: namba ya risiti, tarehe, keshia, jumla, na moja imeitwa tu data. Hio data ndio imebeba duka lote. Risiti ya mtu aliyenunua plagi nne tu inaonekana hivi:

a:1:{i:0;a:3:{s:4:"jina";s:13:"Plagi za Vitz";s:3:"bei";i:350;s:5:"idadi";i:4;}}

Kwa asiyejua, hii ni PHP, lugha ya programu ambayo huo mfumo umeandikwa nayo. Lugha nyingi za programu zina njia ya kuchukua kitu kilicho kwa memori, orodha ama obujekti nzima na vyote vilivyo ndani yake, na kukikunja kuwa maandishi mamoja marefu ili kihifadhiwe halafu kikunjuliwe baadaye. PHP ina serialize na unserialize, Python ina pickle, Java ina yake. Ukisoma huo mstari polepole utauelewa, a:1 ni orodha yenye kitu kimoja, s:13 ni maandishi ya baiti 13 (herufi ya kawaida ni baiti moja), i:350 ni namba nzima. Hesabu Plagi za Vitz pamoja na nafasi zake, utapata 13. Hio 13 ukae nayo, tutairudia.

Kwa mwandishi wa programu hii ni raha, mstari mmoja wa kukunja, mstari mmoja wa kukunjua, hakuna kupanga majedwali. Kwa MySQL, ndio databesi ya huu mfumo, sasa ni gunia lililoshonwa mdomo. MySQL haijui kama huko ndani kuna bei, haijui kuna idadi, inaona herufi tu. Na databesi za aina hii zilijengwa juu ya wazo tofauti kabisa, Edgar Codd akiwa IBM mwaka 1970 aliandika ile karatasi ambayo MySQL na PostgreSQL na Oracle zote zimetokea kwayo, na alitaka kila kiboksi kibebe thamani moja isiyogawanyika, ndio uweze kuuliza swali ambalo hukulifikiria siku unajenga. Hilo la mwisho ndilo mama alikuwa anataka. Aliyejenga hakulifikiria swali lake, sawa, lakini databesi ingemjibu hata hivyo kama ingeachwa ione vitu.

Mtu atasema si utafute tu kwa LIKE, ile amri ya kutafuta maandishi kwa SQL (lugha ya kuuliza databesi), weka alama ya asilimia mbele na nyuma ya jina. Nilijaribu. Kwanza, asilimia ikiwa mbele indeksi ya kawaida, ile faharasa ya kutafuta haraka, haisaidii kitu, MySQL inasoma kila risiti kutoka ya kwanza hadi ya mwisho, na ukifanya hivyo mchana keshia ataisikia kwa kaunta. Pili, inakuletea pia Plagi za Vitz RS na kila jina lingine linaloanza hivyo. Tatu na hii ndio mbaya, inakuambia ni risiti ngapi zina plagi, haikuambii plagi ngapi, juu ile i:4 iko ndani ya maandishi na SUM, amri ya kujumlisha, haiwezi kuifikia. Mama hauzi risiti, anauza plagi.

Kama ingekuwa ni ripoti tu ningeipa nyota tatu niende zangu. Lakini huu mtindo pia unavunja data yenyewe, na hapo ndipo moyo unaniuma kabisa, kwa sababu haya ni mauzo ya mtu.

Turudi kwa ile 13. Wakati fulani mama alitaka plagi zake ziwe na jina la kampuni, akaomba fundi wao abadilishe kila mahali iwe Plagi NGK za Vitz. Fundi akaendesha REPLACE, amri ya kubadilisha maneno, kwa kolamu yote ya data, amri moja, sekunde chache. Maandishi yakabadilika, namba haikubadilika. Kwa hivyo databesi ikabaki na s:13 mbele ya maneno yenye baiti 17, na unserialize ikifika hapo inahesabu 13, inategemea kukuta alama ya kufunga, inakuta herufi, inakataa kila kitu. Haikatai hio bidhaa moja tu, inakataa risiti nzima, inarudisha false na notisi ndogo kwa logi ambayo hakuna mtu anasoma. Kwa skrini keshia anafungua risiti ya zamani anaona jumla ya pesa na chini yake peupe. Mteja amerudisha plagi na risiti ya karatasi mkononi, mfumo unasema hio risiti haina kitu.

Watu wa WordPress, ile programu ya kutengeneza tovuti, wanaijua hii shida vizuri, settingi nyingi za WordPress zimekunjwa hivi hivi kwa jedwali la wp_options, na mtu akihama domeni ama akitoka http kwenda https akifanya tafuta-na-badilisha ya kawaida moja kwa moja kwa databesi, anapoteza vijeti na settingi za themu. Ndio maana WP-CLI, zana ya kuendesha WordPress kwa amri, ina amri yake ya search-replace ambayo inakunjua kwanza, inabadilisha, inakunja tena na kuhesabu upya. Yaani dawa ipo na inajulikana miaka mingi. Fundi wa hii POS hakufuata njia hio.

Na si lazima mtu abadilishe jina kwa mkono. Neno Citroën, ambalo kwa duka la spea ni la kawaida, kwa latin1 ni baiti 7 na kwa UTF-8 ni baiti 8 (hizo ni njia mbili za kompyuta kuandika herufi), juu ile ë peke yake inachukua mbili. Siku unahamisha databesi ya zamani kwenda utf8mb4, ndio UTF-8 ya MySQL, MySQL inageuza maandishi vizuri kabisa lakini namba iliyoandikwa mbele inabaki 7, na hakuna aliyegusa kitu.

Sasa akaunti za deni. Duka hili linauzia magereji kwa mkopo, gereji inachukua vitu mwezi mzima inalipa mwishoni, na huu mfumo unaweka akaunti yote ya gereji kwa mstari mmoja, kila kitu walichowahi kuchukua kinaongezwa kwa lile gunia lile lile. Kolamu ni ya aina ya TEXT, ya maandishi. TEXT ya MySQL inabeba baiti 65,535 na haiongezi hata moja. Ule mstari wa plagi niliouonesha, bidhaa moja ni baiti sabini na kitu, kwa hivyo ukifika bidhaa kama mia nane hivi umejaza. Gereji inayofanya kazi inafika hapo bila jasho. MySQL ya kisasa ingekataa kwa sauti, tangu toleo la 5.7 la 2015 hali ya ukali (strict mode) imewashwa tangu unapoiweka na ungepata eror kwamba data ni ndefu mno. Lakini huyu fundi alikuwa ameizima kwa settingi, wengi wanaizima ndio programu za zamani zisilalamike, na ikizimwa MySQL inakata mkia, inaacha onyo, inaendelea. Gunia lililokatwa mkia halikunjuliki. Kwa hivyo gereji inayonunua sana kuliko zote, ndio deni lake lilipotea kwa skrini. Mama alilipata kwa daftari, mungu ni mwema anaandikanga bado kwa daftari.

Kuna nyingine ilichukua muda kuiona. Duka lina kaunta mbili. Gereji ikituma vijana wawili, mmoja anachukua oil filta kaunta ya kwanza, mwingine anachukua belti kaunta ya pili, kila kompyuta inasoma akaunti nzima, inaongeza kitu chake, inarudisha akaunti nzima. Anayerudisha wa mwisho ndiye anabaki. Filta imetoka dukani na haijaandikwa popote. Kama kila bidhaa ingekuwa mstari wake kwa jedwali, hizo ni INSERT mbili, amri za kuongeza mstari, na hazigusani, databesi ilitatua hii kitu zamani sana, ni hawa walioizunguka. Na hii ndio ilikuwa inafanya stoki na madeni yasikubaliane, na keshia mmoja alikuwa ameshaanza kuangaliwa vibaya kwa ajili hiyo. Binti wa watu. Mkinunua mfumo wa namna hii mjue kosa lake linaweza kumwangukia mfanyakazi.

Halafu kuna apdeti. Akaunti za magereji hazikukunjwa kama orodha tu, zilikunjwa kama obujekti, zinaanza na O:5:"Mteja", maana yake programu ilikuwa na klasi, yaani kielelezo cha kutengenezea obujekti, inaitwa Mteja. Toleo jipya likaja, klasi ikabadilishwa jina, na akaunti za zamani zikifunguliwa PHP haijui Mteja ni nani, inazigeuza kuwa kitu kinaitwa __PHP_Incomplete_Class na programu inakwama. Data ya duka imefungwa kwa jina ambalo mwandishi mmoja alilichagua ofisini kwake. KRA wanataka rekodi zako uzitunze miaka 5, na miaka 5 kwa programu ni matoleo mangapi? VAT yenyewe ilishuka kutoka 16% hadi 14% Aprili 2020 ikarudi 16% Januari 2021, ukitaka kutenganisha mauzo ya kipindi fulani kwa kiwango chake na bei zote ziko ndani ya maandishi yaliyokunjwa na toleo ambalo halipo tena, mhasibu wako ataketi na risiti za karatasi.

Ya usalama niiseme haraka, unserialize ikipewa maandishi ambayo mtu wa nje ameweza kuyachezea inaweza kuunda obujekti asizotaka mwenye programu na kuendesha vitu vyake, manyuali ya PHP yenyewe inaonya, na tangu PHP 7 kuna chaguo la kutaja klasi zinazokubalika. Kwa huu mfumo sikuona limetumika. Duka liko kwa mtandao wake wa ndani, kwa sasa sawa.

Sisemi kukunja data ni dhambi. Seshoni za watu walioingia, kashe (kopi za muda za kuharakisha), mipangilio ya printa, vitu ambavyo vinasomwa vyote kwa pamoja na vikipotea unavitengeneza tena, kunja tu. Na yale maelezo ya spea niliyosifu mwanzo, kushoto kulia, saizi ya uzi, naelewa kabisa kwa nini mtu hataki kuyatengenezea kolamu mia moja. Lakini kwa hayo kuna JSON, njia ya kuandika data kwa maandishi yenye jina na thamani yake. PostgreSQL ina jsonb tangu toleo la 9.4 la 2014 na unaweza kuiwekea indeksi, MySQL ina aina ya JSON tangu toleo la 5.7, zote zinaweza kuulizwa kwa SQL ya kawaida, haina hesabu ya baiti ya kuvunjika, na lugha yoyote inaisoma, si PHP peke yake. Maelezo yaende JSON. Bidhaa gani, idadi gani, bei gani, risiti gani, hayo manne yawe kolamu, kwa jedwali la laini za risiti, na namba ya bidhaa ifungwe kwa jedwali la bidhaa ili jina likibadilika libadilike mahali pamoja. Bei ya siku ile iandikwe kwa laini yenyewe, juu bei ya kesho haipaswi kubadilisha risiti ya jana. Hakuna ugumu hapo, mwanafunzi wa mwaka wa pili wa chuo anaijua.

Nilichofanya mwishowe, niliandika skripti ndogo ya PHP inayopitia ile kopi, inakunjua kila risiti na kumimina kwa majedwali ya kawaida. Zile zilizovunjika kwa kubadilishwa jina zilirudi karibu zote, unahesabu upya urefu wa kila maandishi, unarekebisha namba, inafunguka. Zile akaunti zilizokatwa mkia unaokoa hadi pale makasi yalipopita, baada ya hapo hakuna, na filta zilizofutwa na kaunta ya pili hazikubaki popote kwa hivyo hakuna cha kuokoa. Baada ya hapo swali la plagi lilikuwa mistari mitatu ya SQL na jibu likatoka kabla mama hajamaliza kumwaga chai. Akaangalia ile namba, akanyamaza kidogo, akapiga simu ya holseli akapunguza oda, kumbe plagi za Vitz zilikuwa zimepoa na za Probox ndizo zinaenda, na alikuwa akiagiza kwa kukumbuka tu.

Huduma yao kwa wateja sasa. Wanashika simu, hawatukani, wanakuja siku hio hio kama printa imekwama. Niliwaandikia nikawatumia mifano, ule mstari wa 13 na ile akaunti iliyokatwa, na kiongozi wao wa kiufundi akanijibu vizuri, akakubali, akasema walianza na maduka madogo na ilikuwa njia ya haraka ya kuingia sokoni. Naielewa. Ila aliniambia pia wateja hawajawahi kulalamika, na hapo sikubaliani naye, wateja wanalalamika kwamba keshia anaiba, kwamba stoki haiko sawa, kwamba gereji inakataa deni. Hawajui hio ni kolamu ya data.

Kama uko sokoni unatafuta POS, iwe ni ya hawa ama ya wengine, siku ya demo usiulize kama kuna ripoti, kila mtu atasema zipo. Chagua bidhaa moja mwenyewe, chagua tarehe mbili, mwambie akuoneshe zimeuzwa ngapi hapo ukiwa umekaa. Halafu mwambie atoe mauzo yote kwa Excel, bidhaa moja mstari mmoja. Kama una mtu anayejua databesi kidogo aje na wewe aangalie tu kama kuna jedwali la laini za risiti, ni dakika mbili. Na kwa mkataba iandikwe kwamba ukiondoka unapewa data yako ikiwa inasomeka bila programu yao.

Kama tayari unao mfumo wa hivi na unakuuzia vizuri, usiutupe kesho. Chukua bakapu kila siku, iweke nje ya duka, mwambie fundi awashe hali ya ukali ya MySQL na ageuze kolamu iwe LONGBLOB, aina inayobeba data kubwa zaidi bila kugeuza herufi, na asiruhusiwe kuendesha REPLACE kwa hio kolamu hata kama ni haraka namna gani.

Wamesema toleo linalokuja litakuwa na laini za risiti kwa jedwali lake, na mama amekubali liwekwe kwanza kwa kompyuta ya pembeni na kopi ya data ili tulione. Nikilifungua nikalikuta kweli limetenganishwa, nitarudi kubadilisha nyota.